Fikra chanya: zinajenga au zinabomoa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikisema kwamba siamini kila kitu kinachopewa jina la fikra chanya, maswali hunijia mfululizo. Mengi huulizwa kwa udadisi, mengine kwa hasira. Nimeyaweka hapa jinsi yanavyokuja, kwa hiyo mengine yana jibu refu na mengine sentensi chache tu.

Nijibu kwa ufupi: zinasaidia au zinadhuru?

Inategemea ni njia ipi na anayeitumia ni nani. Kauli ileile inayomnyanyua mmoja humwangusha mwingine, na sisemi hivyo ili kuwaridhisha wote. Jambo hili limepimwa, na nitaeleza lilivyopimwa. Njia inayokuwezesha kuona hali yako kama ilivyo, kisha ikakusogeza ufanye jambo, hiyo inafaa hata kama haina utamu. Njia inayokutaka ujifiche hali yako mwenyewe itakudai baadaye, tena kwa riba.

Fikra chanya ni nini hasa?

Hapa ndipo ubishi mwingi unapoanzia. Chini ya jina hilo moja watu wameweka vitu visivyofanana hata kidogo: kujitamkia maneno ya sifa, kuvuta taswira ya mafanikio, kuandika mambo ya kushukuru, kutarajia mema, kuficha huzuni mbele za watu, hadi imani kwamba mawazo yenyewe huvuta fedha na bahati. Ni kama neno "dawa". Mtu akikuuliza kama dawa inasaidia, utamuuliza ni dawa gani, ya maradhi gani, na anakunywa kiasi gani. Wanaotetea fikra chanya huwa wanazungumzia moja ya vitu hivyo, wanaozipinga wanazungumzia kingine, na kila upande unamshangaa mwenzake.

Mambo haya yalitoka wapi?

Mmoja wa waanzilishi ni mfamasia wa Kifaransa, Émile Coué, aliyeishi kati ya mwaka 1857 na 1926. Aligundua kwamba wateja aliowapa dawa huku akiisifia walipata nafuu kuliko waliopewa kimyakimya. Akaanza kuwafundisha watu kujiambia, asubuhi na usiku, kwamba kila siku na kwa kila namna wanazidi kuwa na hali nzuri. Waliseme hilo mara 20, wakihesabu kwa uzi wenye mafundo 20. Mwaka 1952 mchungaji wa New York, Norman Vincent Peale, alitoa kitabu kuhusu nguvu ya kuwaza mema, nacho kikauzwa kwa mamilioni. Wahamasishaji wengi wa majukwaani leo wanatembea katika nyayo zake, hata wasiolijua jina lake.

Mkondo wa pili ni wa kisayansi. Mwaka 1998 Martin Seligman, akiwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, aliwataka wenzake wachunguze pia yale yanayomfanya binadamu astawi, wasiishie kwenye maradhi. (Inafurahisha kwamba yeye mwenyewe alijulikana kwanza kwa utafiti wa miaka ya 1960 kuhusu mbwa waliokata tamaa.) Mikondo hii miwili huchanganywa kila siku. Mhubiri wa mafanikio husema "sayansi imethibitisha", kumbe sayansi ilithibitisha kitu kingine, kidogo zaidi na chenye masharti.

Kila asubuhi najiambia mbele ya kioo kwamba najipenda na mimi ni mshindi. Mbona najisikia vibaya zaidi?

Kwa sababu ukijisemea, kuna anayekujibu. Ukisema "mimi napendeka", akili haikai kimya. Inakwenda kabatini kutafuta ushahidi. Anayejiamini huletewa ushahidi unaomuunga mkono. Aliyevunjika moyo huletewa faili nene la siku zote alizochekwa, alizoachwa na alizokataliwa. Kila anaporudia kauli, faili linafunguliwa upya.

Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2009. Waliwaketisha wanafunzi wa chuo kikuu waandike yaliyomo akilini mwao kwa dakika 4. Baadhi yao waliagizwa kwamba kila wakisikia kengele, na ililia kila baada ya sekunde 15, wajiambie wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa wakijidharau walimaliza wakiwa na hali mbaya kuliko wenye kujidharau ambao hawakuambiwa wajisemee lolote. Kwa maneno mengine, dawa ilimfaa asiyeumwa na kumzidishia mgonjwa.

Lakini kuna sehemu ya utafiti huohuo ambayo watu hawaitaji sana, nami naiona ndiyo yenye uzito. Katika jaribio jingine, baadhi ya wenye kujidharau waliruhusiwa kuifikiria kauli ile kwa pande zote mbili: ni wapi ni kweli, na ni wapi si kweli. Hao walikuwa na nafuu kuliko wenzao walioamriwa watazame upande mzuri peke yake. Ruhusa ya kukiri kwamba "wakati mwingine sipendeki" ndiyo iliyowapumzisha.

Mimi mwenyewe, nilipopoteza kazi, nilibandika karatasi kwenye kioo cha bafuni: MIMI NI MSHINDI, kwa wino mwekundu. Kila nilipokuwa nikipiga mswaki tumbo lilinisokota. Nilidhani shida ni kwamba sijarudia vya kutosha, nikaongeza dozi.

Basi nijiambie nini badala yake?

Jiambie kitu ambacho wewe mwenyewe huwezi kukibishia. "Mimi ni mshindi" kunabishika. "Jana nilichelewa kuamka lakini nilituma barua mbili" hakubishiki, kwa kuwa barua zimetumwa.

Kuna njia nyingine ambayo haikusifu wewe kabisa. Tangu mwaka 1988, Claude Steele na waliomfuata wameonyesha kwamba mtu akiandika kuhusu jambo analolithamini kwa dhati, iwe familia, ufundi wake au uaminifu, huwa imara zaidi anapokabiliwa na tishio kwa heshima yake. Hasemi "mimi ni bora." Anajikumbusha kwamba maisha yake ni mapana kuliko kidonda kimoja.

Kristin Neff amefanya kazi kubwa kuhusu kujihurumia, yaani kuzungumza na nafsi yako kama ambavyo ungezungumza na ndugu aliyekosea: humdanganyi kwamba hakukosea, wala humtukani. Ethan Kross naye, mwaka 2014, alionyesha kwamba watu wenye wasiwasi wakijisemesha kwa jina lao badala ya "mimi", wanatulia na kulitazama jambo kwa mbali kidogo. Inachekesha ukiijaribu mara ya kwanza. Jaribu ukiwa peke yako.

Lakini kupiga picha ya mafanikio kichwani, si ndiyo siri ya waliofanikiwa?

Waswahili tulikuwa na jina la jambo hili kabla halijafika maabara: ndoto za Alinacha. Alinacha wa hadithi alikuwa na kapu la vyombo vya kioo. Akakaa kando yake akiota jinsi atakavyoviuza, atanunua vingine, atatajirika, ataoa binti wa mkubwa, na binti huyo akimbembeleza yeye atamkataa kwa teke. Akapiga teke hilo kwelikweli. Kapu likapinduka.

Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Kijerumani, ametumia miaka mingi kuhesabu vioo vilivyovunjika. Katika utafiti aliouchapisha na Thomas Wadden mwaka 1991, wanawake 25 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito waliulizwa mambo mawili: wanatarajia nini, na wakiacha mawazo yaelee wanaona nini. Waliotarajia kwamba wanaweza kufaulu walipungua zaidi. Lakini wale ambao ndoto zao zilikuwa tamu mno, wakijiona tayari wembamba na wakisifiwa, walipungua kilo zipatazo 11 pungufu ya wenzao. Mwaka 2002, akiwa na Doris Mayer, alionyesha jambo hilohilo kwa wahitimu waliokuwa wakitafuta kazi. Waliozama mara nyingi katika ndoto ya kazi nzuri, miaka miwili baadaye walikuwa wametuma maombi machache zaidi, wameitiwa kazi chache zaidi, na mishahara yao ilikuwa midogo.

Tazama vizuri tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo kiini cha jambo. Kutarajia kulisaidia. Kuota kulidhuru. Matarajio huegemea yaliyokwishatokea: nimewahi kufaulu, nina uwezo huu, kwa hiyo naweza. Ndoto haiegemei chochote. Na mwili hauna njia nzuri ya kutofautisha sherehe ya kweli na sherehe ya kichwani: mwaka 2011 Oettingen na Heather Kappes walikuta kwamba baada ya ndoto tamu shinikizo la damu hushuka, kama mtu aliyekwishafika akaketi kupumzika. Atainukaje tena?

Lien Pham na Shelley Taylor waliwagawa wanafunzi siku chache kabla ya mtihani. Kundi moja lilipiga picha ya siku ya matokeo, furaha na alama nzuri. Jingine lilijiona likiwa linasoma: wapi, saa ngapi, redio imezimwa, daftari lipi mbele. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999, waliojiona wakisoma ndio waliosoma zaidi na kupata alama bora. Kwa hiyo piga picha, ila iwe picha ya jasho.

Yaani nisiwe na ndoto kabisa?

Uwe nazo. Ndoto hukuonyesha unachokitaka, na hilo si dogo. Tatizo ni kuishia hapo. Ushauri wa Oettingen ni huu: ukishaona unachotamani, mara moja geuza macho utazame kinachokuzuia, hasa kile kilicho ndani yako, kisha uamue utafanya nini kikijitokeza. Mpangilio una maana. Ukianza na kizuizi utalalamika tu, ukiishia kwenye ndoto utalala.

Hatua ya mwisho inatoka kwa Peter Gollwitzer: kupanga kwa "ikiwa… basi". Ikiwa ni saa 2 usiku na nimeshika simu, basi naiweka chumba kingine. Inaonekana ni jambo dogo mno, lakini mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 na kukuta kwamba mipango ya namna hiyo huwasaidia watu kutimiza walichokusudia kwa kiwango cha kuridhisha kabisa. Wahamasishaji hawaiuzi sana. Labda kwa sababu haishangiliwi.

Nikiwaza mabaya, si nitayaita?

Hapana. Kama kuwaza ajali kungeleta ajali, wenye wasiwasi wangekwisha zamani.

Madhara ya imani hii ninayaona kwa watu wanaosumbuliwa na mawazo wasiyoyataka. Wanakuwa na mzigo wa wazo lenyewe, halafu juu yake wanaongezewa hofu kwamba wazo hilo litatimia. Wanaanza kulifukuza. Daniel Wegner, mwaka 1987, aliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe na wapige kengele kila akiwajia. Kengele zililia. Na waliporuhusiwa kumuwaza, alifurika akilini mwao kuliko kwa watu ambao hawakukatazwa. Wazo ni kama mgeni asiyealikwa: ukimsukuma mlangoni atagonga usiku kucha, ukimwacha apite ataondoka mwenyewe.

Tafiti si zinasema wenye matumaini huishi miaka mingi zaidi?

Zinasema, na ni tafiti nzuri. Mmoja uliochapishwa mwaka 2019 nchini Marekani ulifuatilia wanawake zaidi ya 69,000 na wanaume zaidi ya 1,400, ukakuta kwamba wenye matumaini makubwa zaidi waliishi kwa wastani asilimia 11 hadi 15 zaidi ya wenye machache zaidi. Pia wagonjwa wa moyo wenye matumaini wamewahi kuonekana wakipona haraka baada ya upasuaji.

Ila hapa panapimwa tabia ambayo mtu amekuwa nayo kwa miaka. Hakuna aliyepewa karatasi ya kubandika kwenye kioo. Mwenye matumaini huenda ana fedha, ndoa yenye amani na afya iliyompa sababu ya kutumaini tangu awali. Watafiti hujaribu kuondoa athari za mambo hayo kwa hesabu, lakini haziondoki zote. Isitoshe, mwenye matumaini huacha sigara kwa kuwa anaamini kuacha kutamsaidia, na huenda kupimwa kwa kuwa anaamini kuna tiba. Tumaini lake lina miguu.

Nimeambiwa mgonjwa wa saratani akiwaza vizuri atapona. Ni kweli?

Naomba nilijibu hili taratibu, maana hapa ndipo maneno matamu yanapoumiza kuliko popote.

Mwaka 2007 James Coyne na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo. Hali ya kihisia ya wagonjwa ilipimwa, wakafuatiliwa, na 646 kati yao wakafariki. Hali ya moyo haikutabiri nani angeishi na nani angekufa. Si kidogo, si kwa kundi fulani, haikutabiri.

Kabla ya hapo, mwaka 1989, David Spiegel alikuwa ameleta habari ya kusisimua: wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa, waliokutana kila wiki katika kikundi cha kufarijiana, waliishi muda mrefu kuliko wasiokutana. Habari ilienea dunia nzima. Jaribio kubwa zaidi la wanawake 235, lililochapishwa mwaka 2001, halikuona maisha yakirefuka. Liliona kitu kingine: wanawake waliokuwa na dhiki nyingi walipungukiwa dhiki na maumivu. Hiyo ni zawadi ya kutosha, na tungeipokea kwa shukrani kama tusingekuwa tumeahidiwa muujiza.

Kumbuka pia kwamba katika vikundi hivyo watu hawakufundishwa kutabasamu. Walizungumza kuhusu kifo, waziwazi, na walilia.

Basi mgonjwa anayeambiwa "pigana, usikubali, waza kupona" anabebeshwa kazi asiyoiweza. Ugonjwa ukizidi ataona kwamba ni yeye aliyeshindwa kuwaza. Nimekaa kando ya kitanda cha ndugu aliyeomba radhi kwa kuumwa. Sitaki kulisikia tena.

Rafiki yangu ana huzuni. Kumwambia "usijali, kila kitu kitakuwa sawa" kuna ubaya gani?

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ukisema hivyo mapema mno, anachosikia ni kwamba huzuni yake inakuchosha na ungependa aimalize. Ataimaliza machoni pako tu. Akitoka hapo atakuwa ameficha, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuficha huzuni kuna gharama hata kwa msikilizaji. Katika jaribio la Emily Butler na wenzake lililochapishwa mwaka 2003, wanawake wasiofahamiana walitazama filamu ya kuhuzunisha kisha wakazungumza wawili wawili. Mmoja akiagizwa afiche hisia zake, shinikizo la damu la mwenzake lilipanda pia, ingawa hakujua kuna kinachofichwa. Mwili ulijua.

Kama hujui la kusema, sema "pole", kisha uliza: "Unataka tutafute njia, au unataka nikusikilize tu?" Watu wengi watajibu la pili. Ukishasikiliza ndipo neno la tumaini linapata mahali pa kukaa.

Mimi kwa asili huanza kwa kuwaza yanayoweza kuharibika. Nina kasoro?

Huenda huna. Julie Norem na Nancy Cantor walilieleza kundi lako mwaka 1986: watu wanaojiandalia mabaya, kisha wasiwasi huo ukawasukuma wajitayarishe mpaka wanafanya vizuri kama wenye matumaini. Na hiki ndicho kilichonifurahisha: walipotiwa moyo kwamba watafanya vizuri tu, walifanya vibaya zaidi. Walikuwa wamenyang'anywa chombo chao cha kazi.

Angalia tu wasiwasi wako unaishia wapi. Ukikufanya ukague breki kabla ya safari, ni mwalimu. Ukikufanya usisafiri kabisa mwaka mzima, hapo tafuta msaada.

Kuandika mambo mazuri matatu kila usiku kunasaidia?

Kidogo, ndiyo, kwa watu wengi. Seligman na wenzake walilijaribu na kulichapisha mwaka 2005. Robert Emmons na Michael McCullough walikuwa wamepata matokeo yanayokaribiana mwaka 2003 kwa orodha za shukrani. Tafiti zilizofuata zimepunguza ukubwa wa matokeo hayo, lakini hazijayafuta. Jambo moja la kuzingatia: Sonja Lyubomirsky aliona kwamba walioandika mara moja kwa wiki walinufaika, na walioandika mara tatu hawakunufaika. Shukrani ikigeuka kazi ya shule hupoteza ladha. Na usiandike shukrani ili kufunika jambo linalonuka. La kuvunda halina ubani.

Kwani wanasaikolojia wenyewe hawawafundishi wagonjwa kuwaza mazuri?

Hawawafundishi hivyo, ingawa kwa mbali inafanana. Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, alianza katika miaka ya 1960 kuwasaidia wagonjwa kuchunguza mawazo yao kama mtu anayekagua hesabu. Mgonjwa akisema "kila mtu ananichukia", hajibiwi "hapana, kila mtu anakupenda." Anaulizwa: kila mtu nani? Alifanya nini? Kuna maelezo mengine? Mara nyingi inaonekana wazo lilitiwa chumvi. Mara nyingine inaonekana ni kweli, kuna mtu anamchukia, na hapo kazi inahamia kwenye nini cha kufanya. Lengo ni fikra sahihi, ziwe tamu au chungu.

Nina sonona. Fikra chanya zinaweza kunitibu?

Usizitegemee. Sonona ni ugonjwa, na moja ya kazi zake ni kuiba uwezo wa kuona mema. Kumwambia mwenye sonona awaze mazuri ni kumwambia aliyevunjika mguu apone kwa kukimbia.

Kuna tiba zinazofanya kazi: tiba ya mazungumzo, dawa, au vyote viwili. Mojawapo huanzia kwenye matendo, haigusi mawazo kwanza. Mgonjwa na mshauri wanapanga shughuli ndogo zenye maana, naye anazifanya hata kama hana hamu, bila kusubiri hamu ije. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 ukiwa na watu 440 ulionyesha kwamba njia hii haikuzidiwa na tiba ya kuchunguza fikra, ingawa ilitolewa na watu wenye mafunzo mafupi zaidi.

Ukiwa na huzuni nzito au umepoteza hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, nenda kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Kama yanakujia mawazo ya kujiua, usisubiri wiki mbili. Mwambie mtu leo, na uende hospitali.

Bosi anataka tuwe "chanya" muda wote kazini. Nifanyeje?

Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza mwaka 1983 jinsi wahudumu wa ndege wanavyolipwa kwa tabasamu, na jinsi wanavyofika mahali wasijue tena tabasamu lipi ni lao. Tafiti zilizofuata zimehusisha kuigiza hisia kazini na uchovu mkubwa. Sina dawa ya bosi. Ila nakushauri tenga mtu mmoja au wawili ambao kwao huigizi. Na katika mikutano, badala ya kulalamika, uliza: "Kitu gani kinaweza kutukwamisha hapa?" Ni swali la hofu lililovaa suti, na mara nyingi hupita.

Je, tumaini na fikra chanya ni kitu kimoja?

Tunasema penye nia pana njia. Rick Snyder, aliyechunguza tumaini kwa miaka mingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, angetusahihisha kidogo: alisema tumaini lina sehemu mbili, nia na njia, na kila moja hupimwa peke yake. Kuna wenye nia kali wasioona njia, nao huchoka. Wengine wana njia kumi na hawana nia. Fikra chanya za jukwaani huuza nia pekee, kisha humwachia mnunuzi aitafute njia mwenyewe.

Nilihudhuria semina, nilifanya kila nilichoambiwa, na maisha hayakubadilika. Kosa ni langu?

Jiulize: ungefanikiwa, sifa zingeenda wapi? Kwa mbinu. Umeshindwa, lawama zimekwenda wapi? Kwako, kwamba hukuamini vya kutosha. Mbinu isiyoweza kushindwa kwa namna yoyote haijajaribiwa kamwe. Kosa lako, kama lipo, ni la kutumaini, na hilo si la kuonea aibu.

Nitajuaje kama ninachofanya kinanisaidia?

Tazama ulichofanya, usitazame ulivyojisikia ukiwa unakifanya. Baada ya wiki mbili za njia yoyote, je, kuna simu uliyopiga, deni ulilozungumzia, matembezi uliyoenda, jambo ulilomwambia mtu? Kama zipo, endelea. Kama kuna msisimko wa dakika kumi kila asubuhi na hakuna kilichosogea, unapika maji. Na kama umeanza kuwaficha watu hali yako, au kujilaumu kwa kuhuzunika, acha mara moja. Iris Mauss na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba kuikimbilia furaha kwa nguvu kunaweza kuipunguza hata pale ambapo kila kitu ni kizuri. Utafiti wa Brett Ford na wenzake wa mwaka 2018 ulikuta wanaozikubali hisia zao mbaya bila kuzihukumu wana afya bora ya akili.

Na ile karatasi ya kwenye kioo iliishia wapi?

Niliigeuza. Upande wa nyuma niliandika majina ya watu watatu wa kuwapigia simu, na siku ya kumpigia kila mmoja. Wa kwanza hakupokea. Wa pili alipokea, tukazungumza saa nzima mambo mengine kabisa, mpaka nikalia, naye akaniacha nilie. Wa tatu sikumpigia. Kazi ilikuja miezi kadhaa baadaye, kwa njia ambayo haikuwa kwenye karatasi. Bado ninayo kwenye droo. Gundi imekauka, na wino mwekundu umepenya mpaka upande wa pili, juu ya majina.